Meno ya Dada Kwenye Sufuria

Dawa ya kusukutua ilimponya dada mara mbili, na mara mbili utando mweupe ukarudi mdomoni. Safari ya tatu daktari wa meno akamuuliza, "Mama, haya meno ya bandia unayavua usiku?"

"Nimvulie nani? Mume wangu alikufa bila kujua kwamba ninayo."

"Basi fangasi wamejificha humo. Unatibu mdomo, meno yanauambukiza upya. Yapige mswaki, yaloweke kwenye dawa hii, na usilale nayo."

Akatuandikia maelezo. Sikuyasoma. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye chumba cha kuchemshia vifaa hospitalini. Mikasi, koleo, vyote vilipita mikononi mwangu. Nani wa kunifundisha kuua vijidudu?

Kesho yake mwanawe alikuwa anakuja. Miaka sita hawakusemezana, tangu dada alipomwita mkewe tasa mbele ya wageni. Kijana alikuwa safarini kikazi, angepita kwa saa moja tu. Dada alisema, "Nitamwambia nilikosea. Kwa mdomo wangu, si kwa ujumbe wa simu." Nilimsikia jikoni akiyarudia maneno hayo peke yake.

Nikachemsha meno dakika ishirini. Yalipotoka, plastiki ilikuwa imejikunja. Dada akayajaribu, yakamdondokea mapajani.

"Umeyapika," akasema, midomo imebonyea ndani. "Umeyapika kama maharage. Wewe na hospitali yako."

Tulimpigia daktari, akasema mapya yatachukua wiki mbili.

"Mwambie ukweli tu, ni mwanao," nikamsihi.

"Anione hivi, akamsimulie mkewe? Apa kwamba hutamwambia."

Niliapa kwa jina la Mungu.

Kijana alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti. Dada alikaa mbele yake, leso mdomoni. Kijana alimweleza kazi yake, nyumba yao mpya, mkewe anavyomsalimu. Dada aliitikia kwa kichwa, machozi yakilowesha leso.

"Mama, sema hata neno moja."

Dada akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

Nilimsindikiza hadi barabarani. "Mama mdogo," akasema, "bado hajanisamehe kwa kusimama na mke wangu, sivyo?"

Jibu lilikuwa kooni. Nilijiambia kiapo ndicho kinanizuia. Lakini kilichonizuia hasa ni swali ambalo lingefuata: nani aliyaharibu meno?

"Mpe muda," nikamwambia.

"Nimempa miaka sita."

Akaondoka bila kuniaga vizuri.

Dada alikaa bila meno, akitumia dawa, na kaakaa likapona kabisa. Daktari alifurahi, akamvalisha meno mapya na kunikabidhi karatasi ya maelezo. Safari hii niliisoma njia nzima. Mstari wa pili ulisema: usitumie maji ya moto.

Tulipofika nyumbani dada alimpigia mwanawe kabla hata ya kuvua viatu. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Jaribu kwa yako," akaniambia. Maneno yalimtoka safi, kila herufi mahali pake. "Yako ataipokea."

"Imeisha chaji, dada."

Ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa.

Jioni nilipiga magoti kama kawaida yangu, nikakosa pa kuanzia.