Waliosikia Wakanyamaza

Mwaka ule wa njaa kubwa, kabla Wajerumani hawajaja kutweka bendera yao Bagamoyo, masika yalikatika mapema na mtama ukanyauka kabla ya kutoa mashuke. Katika kijiji cha Wakristo, nyuma ya misheni, watu walikula mihogo mikavu, na mihogo ilipopungua wakaanza kuificha. Hakuna aliyesema kwamba anaficha. Ila milango iliyozoea kuwa wazi tangu alfajiri ikawa inarudishwa wakati wa kula, na moshi ukawa unatoka majikoni saa ambazo zamani hakuna aliyepika.

Evarista, mke wa Ferdinandi seremala, ndiye aliyekuwa na dhamana ya kapu la wageni. Wakristo wengi wa pale walikuwa wamekombolewa utumwani, na tangu mwanzo waliwekeana desturi. Kila mavuno, kila nyumba hutoa chochote kikawekwa katika chumba kando ya kanisa, ili atakayefika mikono mitupu asilale na njaa. Tena mgeni akifika, yule anayeijua lugha yake ndiye humchukua nyumbani kwake, akae naye mpaka aweze kusema Kiswahili na kushika jembe.

Siku hizo kapu lilikuwa la aibu tupu. Watu walileta mihogo yenye mizizi migumu kama kuni, na kunde zilizotobolewa na wadudu. Evarista alivipokea na kushukuru. Hakuwa na uso wa kumsema mtu, kwa kuwa na yeye alikuwa akichagua mihogo yake vivyo hivyo, iliyo mibovu kapuni, iliyo mizima chini ya kitanda.

Basi asubuhi moja ya Jumapili wanaume waliotoka kutafuta kuni upande wa kijiji cha Zinga walirudi wamembeba mwanamke. Walimkuta ameanguka njiani, nyayo zimechanika, shingoni ana alama ya kongwa, ule mti wa kufungia watumwa. Ilionekana wazi kuwa ametoroka msafara wa watumwa, kwani misafara hiyo ilikuwa bado ikipita barani kwa siri, mbali na macho ya pwani. Wakamlaza barazani kwenye nyumba ya wagonjwa. Misa ilipokwisha, Padri akawaita watu wote wakusanyike pale.

"Mama huyu anasema," Padri akawaambia, "lakini mimi simwelewi. Nani anaijua lugha yake?"

Mwanamke yule alijiinua kwa kiwiko akawatazama. Kisha akasema, kwa sauti iliyokauka, maneno mengi kwa haraka, na katikati ya maneno kila mara neno moja: Masiye, Masiye.

Evarista alihisi kama aliyeguswa mgongoni na mkono baridi. Kilikuwa Kinyasa. Alikuwa hajakisikia tangu alipokuwa mtoto, tangu mama yake alipoachwa njiani amefungwa kwenye mti kwa kuwa hawezi tena kutembea. Masista walimlea, wakambatiza, na kila alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu kwamba amesahau. Alilisema neno hilo mpaka akaliamini. Mjini waliwaita watu wa misheni washenzi wa padri, naye aliona kheri awe mtu asiye na kwao kuliko kuwa mshenzi wa mahali fulani. Hata mumewe hakujua.

Sasa alisikia kila neno. Mwanamke alikuwa akisema hivi: Masiye nimemwacha kwenye kichuguu kikubwa, karibu na kijito, mguu wake umevimba, hawezi kutembea. Nilikuja kumtafutia chakula. Nendeni mkamchukue. Ni mtoto mdogo.

Evarista alifumbua kinywa. Lakini kabla sauti haijatoka aliwaza ile mihogo iliyo chini ya kitanda, akawaza watoto wake wawili, na akaona vinywa viwili zaidi vimeketi kwenye mkeka wake, mpaka masika yajayo, kama mvua itanyesha. Akafumba. Atasema mwingine, akajiambia. Haiwezekani niwe Mnyasa peke yangu hapa.

Akangoja. Mtu akakohoa. Martini, katekista, mtu wa makamo aliyefundisha dini watoto wa kijiji kizima, aliinama akafunga vizuri kamba ya kiatu chake. Paskalina, jirani yake Evarista, alikuwa akitazama paa.

"Hakuna?" Padri akauliza.

Aliwapitishia macho mmoja mmoja, kisha akakata shauri.

"Basi atakaa hapa barazani, tumlishe kwa kapu. Nadhani jina lake ni Masiye, maana ndilo analolitaja."

Watu wakatawanyika, wakisalimiana kwa sauti ndogo kama watu watokao mazikoni.

Kesho yake zamu ya kupeleka uji ilikuwa ya Evarista. Alimkuta mgonjwa ameegemea ukuta, homa imempanda. Mwanamke aliupokea uji asiunywe. Alimshika Evarista upindo wa kanga, akasema naye polepole kama mtu anavyosema na mtoto, akitaja tena kichuguu, na kijito, na mguu uliovimba. Aliposema kijito, macho ya Evarista yalikwenda yenyewe upande wa Zinga.

Mwanamke akaliona hilo. Akamtazama.

"Sikuelewi, mama," Evarista akasema kwa Kiswahili. Akajinasua upindo wake, akaenda.

Alasiri ile ikanyesha mvua kubwa isiyo ya wakati wake. Watu walitoka nje wakicheka na kukinga mitungi. Evarista alikaa ndani. Ferdinandi alimwuliza kama anaumwa, akasema ni kichwa tu. Kila radi ilipopiga, aliona mguu mdogo uliovimba umelala ndani ya maji. Alijaribu kusali rozari, lakini kila alipofika mahali pa kumwomba Mama wa Mungu awaombee wakosefu, alianza tena mwanzo.

Siku iliyofuata alikwenda tena. Paskalina alikuwepo, amechuchumaa na bakuli, akimbembeleza mgonjwa. "Kula, Masiye. Kula kidogo, Masiye."

Kila alipoitwa kwa jina hilo, mwanamke alishtuka akageukia ngazi za baraza. Mara ya mwisho akainuka kabisa. Alisimama akiyumba, akapita kando ya Paskalina, akafika hadi kwenye ngazi huku ameinyoosha mikono yake kumpokea mtu, na ngazini hapo hapakuwa na mtu. Akaanguka kifudifudi.

Evarista akapiga magoti akamwinua kichwa. Maneno yakamtoka kwa lugha ya mama yake, yamekatikakatika, sauti ya mtoto.

"Ali kuti? Yuko wapi? Kichuguu kiko upande gani?"

Mwanamke alimweleza. Paskalina alisimama pale na bakuli lake, hakuuliza chochote, wala uso wake haukuonyesha kwamba ameshangaa.

Evarista alimkimbilia mumewe karakanani. Alimwambia kwa maneno machache, na hakuthubutu kumtazama. Ferdinandi aliweka randa chini. "Ulijua tangu Jumapili," akasema. Halikuwa swali. Akachukua panga lake, wakaondoka.

Walikwenda mwendo wa haraka, mume mbele, mke nyuma. Kichuguu walikipata baada ya kuhangaika sana, kirefu, kimezungukwa na miiba, na kijito chini yake kimejaa maji ya tope. Chini ya miiba palikuwa na majani yaliyotandikwa na kitambaa kilicholowa. Mtoto hakuwepo. Udongo ulikuwa umechorwachorwa na nyayo za fisi, za kwenda na za kurudi. Ferdinandi aliziinamia kwa muda mrefu. Evarista alikaa chini kwenye tope na kile kitambaa mikononi, na hakulia. Aliona hana haki ya kulia.

Ferdinandi ndiye aliyeuona moshi ng'ambo ya kijito.

Palikuwa na shamba la mtu anayeitwa Msabaha, mkulima wa Zinga, Mwislamu, mzee kidogo, na mkewe Sada. Walimkuta Sada ameketi mlangoni na chungu. Na nyuma ya mgongo wake, juu ya kitanda cha kamba, amelala mtoto wa kike mwembamba, mguu wake umefungwa kwa majani.

"Hodi," Ferdinandi akasema. "Shikamooni."

"Marahaba. Karibuni," Msabaha akajibu. "Mmekuja kwa ajili ya huyu?"

Alieleza kwamba walimsikia analia jana yake kabla ya mvua, wakamtoa miibani. Walijaribu Kiswahili, Kizaramo, Kikwere, hakujua hata kimoja. Tangu hapo wanamlisha walichonacho. Sada akafunua chungu wakaona. Ilikuwa ndiga, vile viazi vya porini ambavyo havilimwi, vyenye sumu, ambavyo mtu huvikata na kuvilowesha siku nyingi majini kabla ya kuvila. Mle ndani ya nyumba hapakuwa na kitu kingine cha kuliwa. Hata mbegu walikuwa wameshazila.

"Nilikuwa nataka kumleta kwenu misheni," Sada akasema, "maana nasikia kwenu wako watu wa pande zote za bara. Nikasema, huko hakosi anayejua lugha yake. Je, yupo?"

"Tupo," Evarista akajibu.

"Alhamdulillahi," Sada akasema kwa moyo mweupe, akafurahi kabisa. Alifunga ndiga iliyobaki katika jani la mgomba akampa Evarista, mtoto asije akasikia njaa njiani. Evarista alitaka kukataa. Lakini angekataaje bila kusema kwa nini? Aliipokea kwa mikono miwili, na ilikuwa nzito kwake kuliko mtoto aliyebebwa na Ferdinandi mgongoni.

Mwanamke alipomwona mtoto hakupiga kelele. Alimlaza kifuani, akamnusa kichwa, akakaa hivyo mpaka jua likaanza kushuka. Halafu akasema, bila kuinua macho, kwa Kinyasa, "Mimi naitwa Nambewe. Huyu ndiye Masiye. Wewe ulinisikia tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuomba tena, ukaniambia husikii."

"Ndiyo, mama. Njooni kwangu. Nimekwisha kuwatandikia."

Nambewe akatikisa kichwa. "Kwako siji." Akaelekeza mkono kwa Paskalina, aliyekuwa amesimama mbali.

Siku zile zilizobaki hadi Jumapili Ferdinandi alikuwa akila barazani kwao peke yake. Hakumpiga mkewe wala kumtukana. Siku moja tu alimwuliza, "Mama yako aliitwa nani?" Evarista akamtajia. Miaka yote ya ndoa yao, hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutajwa mle nyumbani.

Jumapili, misa ilipokwisha, Evarista alisimama akaomba ruhusa ya kusema. Padri alidhani ni habari za kapu, akamkubalia. Evarista alishika ukingo wa benchi. Alisema yote: kwamba aliuelewa usemi wa mgeni, kwamba alinyamaza kwa ajili ya mihogo aliyoificha, kwamba mgeni alipomshika nguo alimkana, na kwamba aliyemwokoa mtoto ni Mwislamu asiye na hata mbegu. "Mimi nililetwa hapa nimebebwa," akasema. "Nililishwa na kapu hili. Naomba mnitoe katika kazi hii, maana sistahili hata kulishika."

Aliketi. Akangoja waanze kunong'ona.

Aliyesimama ni Paskalina. Alikuwa akivuta vidole vyake kimoja kimoja. "Mimi pia nilisikia," akasema. "Kila neno. Nilikuwa nikimwita kwa jina la mwanawe nami najua ni la mwanawe."

Nyuma akasimama mzee mmoja mchunga ng'ombe wa misheni, akasema, "Na mimi," akaketi. Kisha mama mwingine. Mwisho kabisa, mbele, karibu na altare, Martini katekista akainuka. Kila mtu alimheshimu Martini. Alisema kwamba yeye ni Mnyasa wa kando ya ziwa, na kwamba Jumapili ile aliinama kufunga kiatu kisichokuwa kimefunguka. "Nimewafundisha watoto wenu habari za Msamaria," akasema, "na nitawafundisha tena. Lakini leo siwezi."

Padri alikuwa amejiandaa kusema jambo. Akaliacha. Naye aliketi kwenye ngazi ya altare, mikono magotini. Baadaye alisema tu kwamba na yeye hakujitahidi sana kuuliza, kwa sababu alijua kapu lina nini, naye aliogopa kupata jibu.

Hapakuwa na hotuba siku ile. Watu walikwenda makwao na kurudi, wakirudi wengine na mihogo mizima, wengine na vifuko vya mtama vyenye udongo wa pale vilipofukiwa. Hawakutazamana walipokuwa wakiviweka. Chumba kilijaa hadi nusu, na walifadhaika sana kuona kwamba wakati wote ule, vyote hivyo vilikuwepo.

Kapu la kwanza lilitoka nje ya kijiji, jambo ambalo halijapata kutokea. Evarista na Paskalina walilijaza mtama wa mbegu wakalipeleka Zinga. Msabaha aliona haya kupokea. Sada aliuliza habari za mtoto kwanza, mbegu baadaye. Evarista alimweleza siku hiyo, pale mlangoni, kwa nini hakuna aliyekwenda kumchukua mtoto mapema. Sada alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda ndani akachota maji ya kunywa akawapa.

Tangu hapo, kundi la waliotoroka lilipofika, kengele ilipigwa, na wote wakaja kwenye lango la misheni, kila mtu akaita kwa lugha ya kwao: Kinyasa, Kiyao, Kimanyema, Kisagara, hata wale waliokwisha kusahau wakaita kwa maneno matatu manne waliyobakiza. Watoto waliozaliwa pale waliwasikia wazazi wao wakisema maneno wasiyopata kuyasikia. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba hana nafasi, na kwa kweli mara nyingi nafasi haikuwepo, wakabanana. Evarista hawakumwondoa kazini. Walimwambia aendelee, nalo hilo kwake lilikuwa gumu kuliko kuondolewa.

Nambewe alipona, akalima na Paskalina. Kila asubuhi Evarista alipokwenda kisimani alipita kwao akasalimu kwa Kinyasa, kwa adabu anayopewa mama. Nambewe hujibu. Hujibu kwa Kiswahili, kile kidogo alichojifunza, "Sijambo, karibu," kama anavyomjibu mpita njia yeyote, kisha huendelea kupepeta. Evarista hutua kuni alizomletea kando ya mlango, husimama kidogo asije akaonekana amekimbia, halafu huondoka.