Siku Sifaeli Aliyoomba Asiitwe

Basi Sifaeli Kiangi analala. Si kwamba ana usingizi, la, amechoka tu kutazama mlango. Ni saa nane mchana, amejinyoosha kwenye benchi la chumba cha kuvalia, taulo usoni, kishikwambi chenye mafunzo ya timu kifuani kama mtu aliyesinzia na Biblia yake. Leo timu inapunguza watu, kutoka tisini wabaki hamsini na watatu, na saa kumi kamili orodha inafungwa. Anayeachwa huitwa jina mlangoni, akaambiwa kocha anakutaka, njoo na kishikwambi. Asiyeitwa amebaki. Sasa tazama mambo yalivyo. Miaka minne iliyopita, timu za mpira wa Kimarekani zilipokuwa zikichagua vijana na majina kusomwa kwenye televisheni siku tatu mfululizo, huyu Sifaeli aliomba aitwe, asiitwe hata siku moja. Akaingilia mlango wa uani, kwa mkataba wa kubahatisha. Tangu hapo ameitwa mara nne, na mara zote nne ni kufukuzwa. Leo anaomba asiitwe. Mtu anaomba jambo, kisha anaomba kinyume chake, hata Mungu si atachoka? Anavuta pumzi, taulo linakuwa zito, linakuwa pazia, naye analipenya.

Upande wa pili kuna barabara ya majani, imechorwa mistari ya chokaa, na namba pembeni, kumi, ishirini, mpaka hamsini, kisha zinashuka, kisha zinapanda tena, hazina mwisho. Anatembea mbele, haendi. Anakimbia, mstari ni ule ule. Loo! Anaanza kukimbia kinyumenyume, maana ndiyo kazi yake, yeye ni mlinzi wa pembeni, anarudi nyuma macho yakiwa kwa adui, na hapo ndipo barabara inakubali kwenda. Hivyo anaingia mjini kwa mgongo. Kuta za mji ni vioo, na katika kila kioo yumo yeye, jezi nyingine, namba nyingine, na hakuna jezi aliyoivaa mpaka ikachakaa. Njiani amesimama mtu mwenye kofia ya kocha na kipenga shingoni, lakini uso hana, ni laini kama yai lililomenywa. Shikamoo mzee, anasema Sifaeli, natafuta mahali pa kubaki. Kitendawili, anasema yule. Mzee, leo sina muda wa vitendawili. Kitendawili. Haya, tega! Jumatano mimi ni fulani, Alhamisi mimi ni fulani, Jumapili mimi si mtu. Jibu Sifaeli analijua, amelila na kulilalia, lakini ulimi umeganda. Nipe mji, anasema yule. Chukua Tampa. Tampa nilikwenda, anasema yule, wakanipokea vizuri, wakanisahau vizuri zaidi. Jibu ni mchezaji wa mazoezi, anayeigiza adui ili wenzake wajue kumshinda, na Jumapili ya mechi haingii uwanjani. Na kioo cha Tampa kinazimika.

Anakata kona, kinyumenyume, yule yule yupo. Kitendawili. Ah, jamani! Kitendawili. Tega basi! Jina langu liko kabatini, ukilivuta linabanduka. Ulimi umeganda tena, Denva inakwenda, jibu ni mgeni aliyeandikwa jina kwenye utepe wa gundi. Kona nyingine, Bafalo inakwenda. Kona nyingine, Sinsinati. Mzee, anafoka Sifaeli, uso wa kunitazama huna, mdomo wa kuniuliza umeutoa wapi? Yule anapuliza kipenga, basi. Na mji uliobaki ni mmoja, huu wa leo.

Mji wa mwisho ni ukumbi, na ukumbini wamejaa ndugu zake wote, wamevaa sare za kitenge chenye tausi, zile alizoshonesha shangazi Namsifu kwa ajili ya zile siku tatu za kusomwa majina. Masufuria ya pilau yamefunikwa, hakuna aliyeonja. Shangazi, mnafanya nini hapa? Tunangoja usomwe, baba. Koo nimelilainisha kwa tangawizi, vigelegele viko tayari. Shangazi, nisikilize, leo nikisomwa nimefukuzwa. Usituone wajinga, tumeshona sare. Ile ilikuwa siku ile, shangazi, leo ni kinyume! Kinyume gani, mtu aitwe jina lake alie? Mjomba wako ameomba ruhusa kazini siku tatu, pilau linapoa, wewe unatuletea kinyume. Sifaeli anashika kichwa, kinamuuma. Anakwenda meza hadi meza akiwasihi, nyamazeni, tafadhali, nyamazeni, nao wanamwitikia, amina.

Hapo yule asiye na uso anapanda jukwaani, anagonga kipaza sauti. Kitendawili! Ukumbi mzima unaitika, tega! Jana nilililiwa nitajwe, leo naliliwa nisitajwe, na anayenijibu amekwisha kunitaja. Sifaeli anaona mtego wote. Jibu ni jina lake. Akilijibu amejiita mwenyewe, asipojibu anatoa mji. Mji sikupi! anapiga kelele. Minne umekula, huu sikupi! Basi jibu, anasema yule. Sikujibu! Mji au jibu. Sikupi, sikujibu, niacheni nifanye kazi yangu! Kha, anasema shangazi Namsifu akisimama na kujifunga kitenge vizuri, hata hili linamshinda? Mtoto nimembatizisha mimi mwenyewe. Shangazi, usi... Anamkimbilia akamzibe mdomo, lakini kwenda mbele miguu inakataa, na akirudi nyuma hamwoni aliko. Shangazi anajaza kifua. Sifaeli Kiangi! Na vigelegele.

Taulo linaanguka. Benchi ni lile lile, kishikwambi kipo, jasho linamtiririka. Mlango uko wazi, na mtu amesimama pale, mwanga wa uwanjani uko mgongoni mwake, kwa hiyo ni kofia tu inayoonekana, na saa ya ukutani ameiziba kwa bega, haijulikani kama saa kumi imepita. Sifaeli Kiangi, anasema mtu yule. Analitamka sawasawa, kama linavyotamkwa nyumbani, na katika miaka minne hakuna mtu wa timu hata mmoja aliyewahi kulitamka bila kulivunja. Sifaeli anajibana paja. Linauma, lakini hata kule ukumbini kichwa kiliuma. Kwao mtoto hufundishwa, ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Anakaa kitako, anakumbatia kishikwambi. Sogea huku ndani, kaka, anasema, nikuone uso kwanza, ndipo nijue kama nimeitwa.