Kadi ya Asilimia Tano

Mdogo wangu Curt Harju hutengeneza lifti. Mimi hufundisha hisabati katika chuo cha miaka miwili hapa hapa Duluth. Mwaka jana alipata dola laki moja na ishirini na nane elfu, nami nikapata elfu sabini na saba. Hakuniambia, wala sikumuuliza. Chama cha mafundi wa lifti huchapisha viwango vyao vya malipo kwa saa, nikazidisha.

Nilimaliza kulipa mkopo wa masomo nikiwa na miaka arobaini na tatu. Kiangazi hicho hicho Curt alinunua nyumba ya ziwani kwa fedha taslimu. Nilimsaidia kuingiza makochi, na kila tulipopita mlangoni nilikuwa napiga hesabu ya miaka ambayo yeye alikuwa akiweka akiba wakati mimi nikilipa riba. Ilikuwa ishirini na nne.

Hayo niliyabeba kwa miaka minane bila kumwambia mtu. Kilichonishinda ni jambo la Britta.

Britta ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na minane. Machi iliyopita alipata barua mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha Minneapolis: amekubaliwa kusoma shahada ya hisabati, atoe jibu na amana kabla ya tarehe moja Mei. Ya pili ilitoka kwenye chama cha mafundi wa lifti: katika mtihani wa kuingia amekuwa wa pili wilaya nzima, anaweza kuanza uanagenzi mwezi wa sita, na kulipwa tangu siku ya kwanza. Sikujua kuwa amefanya mtihani huo. Curt alijua. Ndiye aliyempeleka kwa gari lake.

Nilimwambia Britta nitampigia hesabu ya njia zote mbili.

"Piga," alisema Britta. "Nikiiona nitaamua."

Nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta: safu ya shahada, safu ya lifti, umri wa miaka kumi na minane hadi sitini na mitano. Niliweka karo, kodi, pensheni, bima, hata miezi ambayo mafundi hukosa kazi. Kilichobaki kilikuwa kiwango cha punguzo, yaani unaihesabu dola ya mwakani kuwa pungufu kwa asilimia ngapi kuliko dola ya leo. Kiwango kikubwa humpendelea anayelipwa mapema, na huyo ni fundi. Kiwango kidogo humpendelea anayesubiri. Niliweka asilimia tatu. Shahada ilishinda kwa dola elfu sitini na moja na mia tatu. Nikalituma jedwali kwa Britta, na nakala kwa Curt.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka tulikwenda kwa Curt ziwani, kama kila mwaka. Alikuwa jikoni akikaanga samaki, taulo begani.

"Karibu, Profesa," alisema. Mimi si profesa, na analijua hilo. "Nasikia nimeshindwa kwa elfu sitini na moja."

"Na mia tatu."

"Hizo mia tatu ndizo zilizoninyima usingizi." Aligeuza samaki. "Magoti umeyahesabu?"

"Magoti gani?"

"Yangu, dada. Hili la kushoto linalia kama mlango wa banda. Ukiyatia na haya si nitashindwa zaidi? Mtu ukiamua kumpiga, mpige mpaka mwisho."

"Mama ataangalia kwanza gharama za daktari, halafu atakupunguzia elfu nane," alisema Britta, akacheka kicheko kile ambacho nyumbani kwangu nimekisikia mara mbili tangu Krismasi, zote mbili akiwa anaongea na Curt kwenye simu.

"Bosi wangu huyu," alisema Curt. "Ana mdomo wa kutosha kufanya kazi juu ya lifti. Kule kelele ni nyingi."

"Bado hajaamua," nilisema.

"Nani kasema kaamua? Nimesifu mdomo tu."

Saunani, chumba cha mvuke kilicho nyuma ya nyumba, wanawake hutangulia. Bibi yetu, aliyeijenga ya kwake kabla ya kujenga jiko, alitulea kwa sheria moja: mle ndani unakaa kama uko kanisani. Hakuna kugombana wala kusema uongo. Familia yetu imevunja sheria nyingi, hiyo hapana. Nilikaa benchi la juu. Britta alichota maji kwenye ndoo ya mbao, akamwagia mawe, akangoja mvuke upungue.

"Mama," alisema, "kadi iko wapi?"

Nilijua anauliza nini. Darasani kwangu, kabla ya mtu kugusa kikokotoo, anaandika kiwango chake cha punguzo kwenye kadi, anatia saini, anaitumbukiza katika boksi la viatu mezani pangu. Anayeona jibu kwanza huchagua kiwango baadaye. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka jana Britta alisoma somo hilo kwangu pamoja na wanafunzi wa chuo. Alichelewesha kadi yake, nikamkata alama kumi.

"Sikuandika kadi," nilisema.

"Najua. Nilifungua historia ya jedwali. Ulianza na saba, Anko Curt akashinda kwa laki moja na elfu sitini na tano. Ukaweka tano, akashinda kwa elfu tisini. Ukaweka nne, akashinda kwa elfu ishirini na saba. Ukaweka tatu, ukaacha. Yote hayo dakika kumi na moja."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Tungekuwa jikoni, ningemweleza habari za hati za dhamana za serikali na mfumuko wa bei, na maelezo yangekuwa mazuri.

"Nilikuwa natafuta Curt ashindwe," nilisema.

"Si mimi nisome?"

"Hilo nililikumbuka baadaye."

Alimwagia mawe maji tena. Jasho lilikuwa likimtiririka puani na hakulifuta.

"Ingekuwa hesabu ya mtoto wa mtu mwingine," aliuliza, "kadi ungeandika ngapi?"

"Tano. Huwa naandika tano."

"Basi niandikie."

Tulipotoka, nywele zikiwa bado mbichi, nilichukua risiti ya chambo iliyokuwa kwenye kaunta ya jikoni. Nyuma yake niliandika asilimia tano, nikatia saini na tarehe. Nilimkabidhi Britta mbele ya Curt.

Curt aliisoma juu ya bega lake. "Hii maana yake nini?"

"Maana yake umeshinda," nilisema. "Kwa elfu tisini."

Kwa miaka thelathini nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ambayo angeyasema siku hiyo. Alijikuna shingo.

"Nipeni niibandike kwenye friji," alisema.

"Ni ya kwangu," alisema Britta, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha Curt akaenda saunani, nasi tukala samaki wetu kabla hawajapoa.

Wiki zilizofuata sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimekwisha kuharibu kipimo mara moja.

Tarehe ishirini na tisa Aprili, saa kumi jioni, Curt alinipigia simu ofisini.

"Hongera, dada."

"Ya nini?"

Nilisikia mashine inanguruma nyuma yake, halafu ikazimwa.

"Hajakuambia?"

"Nani, Britta? Aniambie nini?"

"Basi sijasema kitu. Hata simu sijapiga."

"Curt."

"Anakwenda Minneapolis. Amenifuata kazini saa sita mchana, mimi niko juu ya lifti nimejaa grisi, kaniletea mkate wa nyama. Nilipoona ule mkate nikajua nimefukuzwa."

"Amesema kwa nini? Hesabu ilikuwa upande wako."

"Ndivyo nilivyomwambia. Anasema alichokuwa anataka ni bei. Sasa anaijua, ni elfu tisini, na kitu ukishajua bei yake unaweza kukinunua." Akakohoa. "Nilishamnunulia kofia ya kazini, Janelle. Nimeandika jina lake kwa rangi."

"Atakuja kuivaa likizo."

"Ya saizi yake. Mimi hainiingii."

Nilikata simu. Nilifurahi, na furaha ile naweza kuieleza kwa usahihi. Kwanza nilifurahi kwa sababu Curt amekosa. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipofurahi kwa sababu Britta amepata. Nilipowasha injini nikakumbuka saa sita mchana. Alikuwa ameendesha maili kumi na moja kumfuata mjomba wake, wakati ofisi yangu iko mtaa wa pili kutoka shuleni kwake.

Saa moja jioni tulikuwa tunakula supu ya kuku na mchele mwitu. Britta aliweka kijiko chini.

"Mama, nimelipa amana. Naenda kusoma hisabati."

"Vizuri," nilisema. "Umeshamwambia anko wako?"

Alinitazama muda mfupi, kama mtu anayesoma swali la mtihani mara ya pili.

"Bado," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Hatukuwa saunani. Nilimwongezea supu.