Chumba Alichozaliwa Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, hajui kuomba, yeye huagiza. Aliagiza nimpeleke kwenye ile nyumba ya mkoloni iliyokarabatiwa ikawa makumbusho, akakione chumba alichozaliwa. Babu alikuwa mpishi pale, na familia nzima iliishi uani. Shangazi ana miaka sabini na mitano, magoti yamemchoka, na alisema wazi kwamba asipokiona mwaka huu hatakiona tena. Ningekataa kwa mdomo gani?

Basi tukazungushwa. Mwongozaji, kijana mwenye tai, alituonyesha kitanda cha bwana, kiti cha bwana, hata beseni alilooshea bwana miguu. Shangazi alisikiliza kwa adabu ambayo nyumbani kwake sijawahi kuiona. Beseni ndilo lililomshinda. Aliniambia, eti ananong'ona, na nyumba nzima ikasikia, kwamba lile lilikuwa la kuoshea mboga. Wageni wakacheka, kijana wa watu akakohoa na kutusogeza mbele.

Tulipofika uani Shangazi aliuliza chumba cha mpishi kiko wapi. Kijana akaangalia viatu vyake. Alisema vyumba vya watumishi havikuwa na kitu cha kuonyesha, kwa hiyo kile cha mwisho, cha mpishi, kiligeuzwa choo cha wageni, upande wa wanawake.

Makubwa hayo. Nilishikwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Shangazi yeye aliuliza tu kama kuna mtu ndani, akaingia. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Kila mwanamke aliyemfuata hakutoka, nami, mwanamume mzima na ndevu zangu, nimetoa macho kwenye mlango wa choo cha wanawake kama niliyetumwa kuiba sabuni. Nilichosikia ni sauti yake tu: hapa palikuwa na jiko la mkaa, hapa mkeka tuliolalia watano, hapa mama alinizaa mchana kweupe huku bwana anagonga kengele ya chai.

Hatimaye alichungulia nje, akaniita. Nilimkumbusha kwamba choo ni cha wanawake.

"Nani kakuita chooni?" akasema. "Njoo chumbani kwetu."

Wanawake wakanipisha. Shangazi alikuwa amesimama kati ya sinki na kidirisha, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Baba yako alijifunza kutembea hapa. Hatua nne, chumba kimekwisha. Siku ya kwanza tulipompeleka uani alitembea nne, akasimama, anangoja ukuta. Tulimcheka siku nzima."

Nilipiga hatua mbili za mtu mzima, nikaufikia ukuta, nikalia palepale bila kujali nani ananiona.