Baba wa Binti Hayumo Kwenye Orodha

Kamati ya sherehe ya kumuaga bibi harusi Nashipai ilipoamua kazi ya upangaji apewe Doreen na tableti yake, Bi Chausiku hakununa. Alicheka tu, kile kicheko chake cha puani, akaomba chai nyingine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipanga sherehe za Karatu kwa daftari la mistari. Alijua ukoo gani hauketi karibu na ukoo gani, shangazi yupi akionja bia anaanza kudai mahari ya dada yake aliyeolewa zamani, na mshereheshaji yupi lazima anyang'anywe kipaza sauti kabla hajaanza kuhubiri.

"Siku hizi kila kitu ni mfumo, Mama," Doreen alimweleza, kwa sauti ile watu wanayozungumza nayo na wagonjwa. Alikuwa ametoka Arusha na kucha ndefu kama vijiko vya chai. "Unauambia tu: wageni mia tatu, rangi ya zambarau na dhahabu. Unakupangia meza, ratiba, kadi, hata hotuba ya mjomba."

"Na pa kulia mjomba unamwekea?"

"Unaweka. Sekunde arobaini."

"Maskini. Mjomba wa Nashipai akianza kulia hanyamazi mpaka apewe supu."

Antonia, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. Alisema sherehe hii ni ya majaribio. Ikienda vizuri, kamati zote za mjini zitahamia kwa Doreen. "Na wewe dada yangu upumzike. Umechoka."

Bi Chausiku hakuwa amechoka hata kidogo. Ila alipewa kazi ya kusimamia vijiko.

Basi kadi zikatumwa kwenye simu. Kila kadi ilikuwa na kile kiraba chenye vidoti vidoti, na chini imeandikwa Single au Double, yaani uje peke yako au na mwenzako. Getini atasimama askari na kimashine: kikiwaka kijani unaingia, kikiwaka nyekundu unarudi kwenu.

Alhamisi Doreen alileta orodha, mfumo ulivyoipanga. Bi Chausiku akavaa miwani, akaipitia jina kwa jina huku anatafuna chapati. Abdulmajid wa duka la jumla yumo, na mkewe Zulfa. Mpiga picha yumo. Fundi jenereta yumo. Mzee Senteu wa Malambo, baba mzazi wa Nashipai, hayumo.

Wala halikuwa jambo la kushangaza. Doreen aliiomba kamati majina ya wageni, kamati ikampa majina ya wageni. Nani anamwalika mwenye shughuli kwenye shughuli yake? Na ule mfumo, pamoja na akili zake zote zinazosifiwa, haukuwa na akili ya kuuliza, "Jamani, huyu binti ni wa nani?"

Bi Chausiku akafungua mdomo aseme. Akakumbuka vijiko. Akautia mdomo chapati.

Jumamosi, saa nane mchana, Landkruza ikashuka kutoka Malambo, vumbi mpaka kwenye vioo. Akateremka Mzee Senteu na shuka jipya, wake zake watatu waliojaa shanga, na wazee sita wa rika lake. Msidhani ni mtu wa kushangaa simu. Alikuwa na simu mbili, na bei ya ng'ombe wa kila mnada alikuwa nayo kiganjani. Getini akamkuta askari Lekishon, kijana wa Malambo huko huko.

"Shikamoo, baba. Naomba kadi."

"Kadi ya nini, Lekishon? Si unanijua?"

"Nakujua, baba. Mashine ndiyo haikujui."

Mzee akaenda kuketi kwenye ukuta wa mtaro, na wenzake wakaketi, na wake zake wakaketi. Hakuna aliyepaza sauti. Kelele ingekuwa nafuu.

Ndani, mshereheshaji akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa ni zamu ya mzazi kumkabidhi binti kwa ndugu wa bwana harusi, Hhando, waliotoka Endamarariek kuja kumchukua. Muziki ukapigwa. Hakuinuka mtu. Ukapigwa tena. Doreen akaibofya tableti jasho linamtoka, nayo ikajibu bila haya: mzazi hajahudhuria, pendekezo, nafasi ichukuliwe na mwanamume mwenye umri mkubwa zaidi katika meza za mbele. Jina likatokea kwenye skrini kubwa ya ukumbi, limezungukwa na maua: ABDULMAJID.

Sambusa ikamponyoka Abdulmajid. "Mimi? Mimi nimeleta soda tu!"

"Simama basi, baba wa Kimaasai!" mkewe Zulfa akamkebehi. "Ng'ombe wa mahari tutawafunga wapi? Stoo ya sukari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nashipai hakucheka. "Baba yangu asipokuja kunitoa," alisema, "mimi siondoki kwenye kiti hiki. Na akina Hhando warudi kwao."

Kamati, iliposikia Mzee ameketi nje, ikatimua mbio mpaka getini. Bi Chausiku naye akafuata polepole, na furushi lake la vijiko, kama mtu anayekwenda kutazama mpira.

"Nani amekosa?" Mzee Senteu aliuliza.

"Ni mfumo, baba," Antonia akasema.

"Mfumo, kweli baba," Doreen akasema.

"Mashine," Lekishon akasema, anatazama viatu vyake.

"Vizuri. Mwiteni huyo Mfumo. Aje na majani mabichi mkononi, kama mtu anayeomba amani. Nimtoze kondoo, nimtoe binti, tule."

Doreen akafikiri haraka, kwa njia anayoijua. "Baba, nakutengenezea kadi sasa hivi. VIP! Sema tu, Single au Double?"

Mzee akageuka akawatazama wake zake watatu. Nao wakamtazama, kila mmoja akingoja kwa hamu kusikia Double ni nani.

"Unanipa kadi ya kuingia kwa mwanangu," Mzee akamwambia Doreen. "Kwa hiyo mimi ni mgeni wake. Mgeni hamtoi binti wa watu. Basi simu imtoe."

Hapo Bi Chausiku akapiga hesabu zake. Doreen alikuwa amekwisha. Akinyamaza tu, kabla jua halijatua kazi ni yake. Na kunyamaza hakukuwa kazi ngumu. Alikuwa nako tangu Alhamisi. Lakini akatupa macho ndani ya geti, akamwona Nashipai amesimama mlangoni pa ukumbi na shanga zake zote, ameuma mdomo, anamtazama baba yake kwa mbali kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Ptuu," alisema Bi Chausiku, hajulikani anamwambia nani. Akaweka vijiko chini, akainama kwa magoti yake mabovu, akang'oa majani ukingoni mwa mtaro.

"Takwenya," Mzee akamsalimu, kama Wamaasai wanavyomsalimu mwanamke.

"Iko," akaitikia, akayanyoosha majani. "Mzee, nimekosa mimi. Orodha niliiona. Nikaona jina lako halimo. Nikanyamaza, ili huyu binti wa Arusha aaibike. Sikufikiria kwamba utakayeaibika ni wewe."

Antonia akashika kiuno. "Yaani ulijua?"

"Nilijua na chapati nikala."

Mzee Senteu akatazama majani, akawatazama wenzake. Mmoja akacheka, mwingine akafuata. "Angalau huyu ana uso wa kutozwa," Mzee alisema. "Kondoo mmoja." Akayapokea majani.

Ndani ya geti hakuingia bado. Nashipai ndiye aliyetoka, na nyuma yake akina Hhando, na nyuma yao ukumbi mzima, hata wapishi. Pale pale kando ya mtaro Mzee akamtemea binti mate ya baraka, kwenye nywele zilizogharimu asubuhi nzima saluni, na kumkabidhi. Mjomba akalia, na hakuna aliyemhesabia sekunde.

Ndipo watu wakataka kurudi kula. Lekishon akaelekeza kimashine kwa Abdulmajid: nyekundu. Kadi imeshatumika. Zulfa: nyekundu. Mwenyekiti wa kamati: nyekundu.

"Lekishon," Mzee Senteu akaita taratibu, "unataka na wewe ulete kondoo?"

Geti likafunguka lote.

Antonia alimvizia Bi Chausiku penye masufuria. "Baada ya leo kamati haikupi kazi tena. Wala huyu Doreen."

"Haki yako, dada."

"Mimi namuoza mwanangu Lemayian mwezi wa kumi na mbili," Mzee Senteu akasema nyuma yao, ana bakuli la supu mkononi. "Nataka mpangaji ninayeweza kumtoza." Akampa mgongo Antonia. "Ila kwanza kondoo wangu, Bi Chausiku. Jumatano. Aje kwa miguu yake. Usinitumie picha."