Makofi Mlimani

Mwezi wa Novemba hauna adabu katika milima ya Lesotho. Asubuhi jua linakuchoma utosi mpaka unajuta kuvaa mikono mirefu, mchana mvua ya mawe inakupasua kichwa, na jioni jua lilelile linarudi kama vile halikuona kitu. Watu wa kijiji cha Ha Lebenya wanalijua hilo, lakini mbio zao za mlima wanaziweka mwezi huohuo kila mwaka, na kila mwaka wanalalamika.

Selloane hakuwa na habari na mawingu. Macho yake yalikuwa juu ya fulana moja nyekundu iliyokuwa ikipanda mbele yake, fulana ya Keneuoe. Wenzao wote walikuwa mbali bondeni. Mwanamke atakayeshinda ataingia timu ya taifa, na Selloane alikuwa ameapa kwamba safari hii, kufa kupona, atakuwa yeye.

Mwaka uliopita walikuwa marafiki. Walifanya mazoezi pamoja, wakanywa uji mchachu katika kibuyu kimoja, wakakubaliana wavuke mstari wa mwisho wameshikana mikono ili viongozi wasiweze kumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Na kweli wakaja wameshikana, akina mama wanapiga vigelegele. Hatua chache kabla ya mstari, Keneuoe akauchomoa mkono wake akaruka mbele. Picha ya tukio hilo bado imebandikwa dukani kijijini: Keneuoe mikono juu, na nyuma yake Selloane kaachama kinywa, kashika hewa. Kila anapokwenda kununua chumvi anakutana nayo. Tangu siku hiyo hawapikiki chungu kimoja.

Asubuhi, kwenye kuanza, hata salamu ilikuwa sumu.

"Ausi, dada yangu Selloane, na wewe umo?" Keneuoe aliuliza huku akifunga kamba za viatu. "Nilidhani umebaki dukani unatazama picha."

"Picha naibandua leo. Wewe angalia mikono yako, nasikia inateleza."

Keneuoe aliacha kamba, akamsogelea kama anayetaka kusema jambo jingine. Filimbi ikalia.

Sasa walikuwa wamekaribia mgongo wa mlima. Pale juu hakuna mti, hakuna pango, hakuna jiwe la kumficha hata mwanambuzi, na njia inapita humo kitambo kirefu kabla ya kuteremkia kijijini. Chini kidogo ya mgongo kuna zizi la mawe na kibanda cha mchungaji mmoja aitwaye Tšitso, mtu mzima mwenye ulimi mkali kuliko fimbo yake. Keneuoe alipopita hapo, Tšitso aliweka viganja mdomoni akapaza sauti: "Pula! Pula!"

Keneuoe akapunga mkono kumshukuru, akaendelea kupanda.

Pula ni mvua. Lakini kwa jinsi nchi ile ilivyo na kiu ya mvua, neno hilohilo ndilo wanalompigia mfalme akimaliza kusema, na bwana harusi, na mkimbiaji. Kwa hiyo ukiwa unakimbia na mtu akakupigia "Pula!", kwanza unavimba kichwa, halafu ndiyo unatazama juu, kama utatazama.

Selloane alitazama. Alimwona Tšitso amejifunika blanketi gubigubi, anawaswaga mbuzi zizini kwa mateke na matusi. Hakuna anayeshangilia mbio huku amezipa mgongo. Na nyuma ya kilele mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyoungua.

Pale juu, mwanzoni mwa mgongo, Keneuoe alisimama akageuka kupima amemwacha nyuma kiasi gani. Walikuwa karibu, wanasikizana. Selloane alihitaji kunyoosha kidole kimoja tu kuelekea mbinguni.

Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akapiga makofi, akapiga na kigelegele. "Pula! Pula, Keneuoe!"

Uso wa Keneuoe ukafunguka. Alitabasamu tabasamu ambalo Selloane hakuwa ameliona mwaka mzima, akaweka mkono kifuani, akageuka na kuingia mgongoni mwa mlima.

Basi, asije mtu akasema hakumwambia. Amemwambia, tena kwa sauti. Mvua itamchapa, atapotea njia, atachelewa. Yeye atajibanza kwa mchungaji mpaka mawe yapite, kisha amalize mbio na miguu mikavu. Zaidi ya hapo Selloane hakutaka kufikiri.

Aliingia kibandani na mawe yakaanza kuanguka nyuma ya visigino vyake.

"Mwenzio yuko wapi?" Tšitso aliuliza.

"Kapita."

"Hukumwambia?"

"Nimemwambia, ntate, baba yangu. Si umenisikia?"

"Nimekusikia. Mimi nilimwambia mvua. Wewe umemshangilia."

"Neno si moja?"

"Neno moja, midomo miwili." Akatema mate kwenye majivu. "Huku kwetu radi haiji bure, ausi. Hutumwa. Watu huenda mpaka kwa mganga kumtafuta aliyeituma. Mimi leo mganga wa nini?"

Radi ikapasuka juu mgongoni, kibanda kikatikisika, mbuzi wakalia. Selloane aliona aibu, na juu ya aibu ikaja hofu.

"Nipe blanketi lako."

"Unalitakia nini?"

"Nipe, wewe!"

Akamtupia usoni. Selloane akatoka mbio.

Alimkuta mapema mno, pale mwanzoni kabisa mwa mgongo, amejikunyata njiani, mikono juu ya kichwa, mawe meupe yamejaa shingoni. Sikio lilikuwa likivuja damu na mguu mmoja haukusogea. Mtu aliyekuwa akikimbia angekuwa amekwisha fika mbali. Selloane alimfunika blanketi, akalala juu yake, mawe yakampiga yeye.

"Kwa nini hukukimbia?" alimfokea. "Kwa nini upo hapa?"

Meno ya Keneuoe yalikuwa yakigongana. "Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja?"

"Uliponipigia makofi, nikasema basi, ameshanisamehe. Nikasimama tumalize pamoja." Akautoa mkono wake chini ya blanketi, umejaa barafu na damu, akaunyoosha. "Safari hii siuachii."

Selloane aliutazama mkono ule. Mwishowe akaushika.