Mzee wa Kukaza Nyuzi

Kosa lilitendeka studio ya redio, na aliyelitenda hana habari mpaka leo. Mpiga gitaa alikuwa amekwenda kurekodi wimbo aliouhangaikia kwa miaka. Kabla ya kuanza akakaza nyuzi, kama afanyavyo mpiga gitaa yeyote mwenye akili zake timamu: ting, ting, toong. Uzi mmoja ukamletea ukaidi, akausonya. Fundi mitambo akayanasa hayo yote kwa uangalifu mkubwa. Wimbo wenyewe ulipoanza, yeye alidhani kazi imekwisha, akazima mashine, akaenda zake kunywa chai.

Kesho yake ting, ting, toong ikarushwa hewani, msonyo na yote. Watu wakapagawa. Waliiomba asubuhi, wakaiomba mchana, ikawa mlio wa simu za watu wazima na heshima zao. Mtangazaji akasema tangu azaliwe hajasikia msonyo wenye uchungu kama ule. Mpiga gitaa akakimbilia redioni kueleza kwamba pale alikuwa hajaanza hata kupiga.

"Mnauona unyenyekevu huo?" mtangazaji akawauliza wasikilizaji.

Basi, akawa nyota. Wakambandika jina, Mzee wa Kukaza, ingawa kichwani hakuwa na mvi hata ya dawa. Kumbi zikafurika. Akikaza, watu wanalia, akisonya, wanazimia. Shida ni kwamba gitaa likishakaa sawa, onyesho nalo limekwisha. Kwa hiyo alijifunza kukaza uzi huu huku akiulegeza ule, kazi isije ikaisha mapema. Na akithubutu kupiga japo kipande cha wimbo halisi, watu huinuka kwenda msalani.

Yote hayo angeyameza, isingekuwa mjomba wake. Mjomba huyo, kaka wa mama yake, ndiye aliyemfundisha gitaa. Maisha yake yote alipiga katika bendi za dansi, amesimama nyuma ya waimbaji wanene, na katika picha zote za bendi kinachoonekana ni kiwiko chake tu. Alikuwa mchoyo wa sifa, Mungu amsamehe. Hajawahi kumwambia mpwa wake kwamba amepiga vizuri, hata kwa bahati mbaya. Na tangu mambo ya kukaza yavume, aliacha kupokea simu zake.

"Mjomba wako anaona aibu hata kwenda kinyozi," mama alimwambia mwanawe. "Wanamuuliza kama ni yeye aliyekufundisha kusonya."

Yalimchoma sana maneno hayo. Akapiga moyo konde. Akamwekea mjomba kiti cha mbele kwenye onyesho la Jumapili mchana, akaapa kwamba siku hiyo hakazi kitu. Atapiga wimbo wake mwanzo hadi mwisho, mjomba asikie kwa masikio yake kama mpwa wake ni mpigaji au ni kituko.

Na kweli alipanda jukwaani, hakugusa kifungo cha kukazia nyuzi hata kimoja, akapiga. Vidole vilikimbia juu na chini hadi jasho likamtiririka mgongoni. Ukumbi ukasubiri kwa adabu. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Vumilia shoga, anajaribu spika." Alipopiga sauti ya mwisho, mtu akapaza sauti kutoka nyuma:

"Haya, sasa anza!"

Akaingia nyuma ya pazia na gitaa lake, kwa hasira hata akasahau kuchomoa waya. Mjomba alikuwa amekwisha kuzunguka, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Umesikia?"

"Nimesikia." Mjomba akasafisha koo. "Vidole unavyo. Sikufichi, vimezidi vyangu."

Mpiga gitaa alihisi machozi yakimlenga.

"Lakini gitaa lenyewe!" mjomba akaendelea. "Nyuzi zimegombana zote, hakuna unaosemeshana na mwenzake. Hukukaza?"

"Ningekazaje, mjomba? Ningekaza, wangesema huo ndio wimbo."

"Kwa hiyo, ili watu wajue unajua gitaa, umewapigia gitaa bovu?"

Mpwa akalitazama gitaa lake.

"Lete hapa," mjomba akasema. Akalipakata gitaa, akainamisha sikio, akakaza. Ting. Ting. Toong.

Upande wa pili wa pazia ukumbi ulilipuka. Vigelegele, miluzi, viti vikaanguka. Watu walikuwa wakipiga miguu chini na kuita, "Huyoo! Huyoo!"

Mjomba akashtuka, akalikumbatia gitaa. "Wanamshangilia nani?"

"Wewe, mjomba."

"Mimi?"

"Waya umechomekwa. Wamekusikia wewe."

Mjomba akaliinamia tena gitaa. Akaupapasa uzi wa mwisho, ukaitikia safi. Gitaa lilikuwa sawa kabisa sasa, kila uzi mahali pake. Mpwa wake alilisikia hilo, akajawa na furaha ya kitoto. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Sasa limekaa, mjomba. Nipe nikupigie ule wimbo, wewe peke yako. Usikie ulivyo hasa."

Makelele yalizidi. Polepole, macho yakiwa kwenye pazia, mjomba akashika kifungo cha uzi mwembamba, akaulegeza.